Mkate wa Nta Wenye Meno ya Baba Yako

Mwanangu Nyamizi,

Salamu tutapeana kesho stesheni, mbele ya watu, na mbele ya watu mimi husema mambo mengine kabisa. Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi, wewe ukiwa Kwihara kumuaga bibi yako, mimi nimekaa hapa uani kwetu Mtendeni na kalamu yako ya shule. Barua nitaitia sandukuni chini ya blanketi. Isome ukishapita Itigi. Kabla ya hapo naogopa usije ukashuka ukarudi kuniuliza maswali.

Sitakuandikia habari za tiketi, wala za kufua, wala za kujiangalia na vijana wa mjini. Michembe ya viazi nimekufungia, karanga zimo, na kusali unajua. Hospitali ya Dar es Salaam unakokwenda kufundishwa ukunga watakufundisha na mengine. Nakuandikia kwa sababu leo mchana ulicheka.

Bwana Kondo alipita hapa kukuaga na kifurushi cha tende mkononi. Ukampigia shikamoo kwa magoti, naye akaitika marahaba, halafu akaanza mambo yake: "Mnyamwezi, kwa hiyo unakwenda kwetu! Ukishuka tu garini waambie wewe ni mpagazi wa Kondo, umetoroka na mzigo wangu. Watakufunga kamba wakuletee kwangu bila nauli." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ukacheka na mwanya wako huo wa mbele, ambao ni wa baba yako, kana kwamba ameutoa kinywani mwake akautia mwako. Nami nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, nikakuona unamchekea mtu aliyemwua baba yako.

Nimeandika "aliyemwua" na sifuti. Nitakueleza, nawe utaona kama nimezidisha.

Wewe unamkumbuka baba yako kwa asali. Kila akirudi kutoka porini alikuletea sega limefungwa kwa majani ya mgomba, akakuambia limetumwa na nyuki mwenyewe anayekusalimu. Unakumbuka pia nywele, maana watu hawajaacha kuzisimulia. Mwaka nilipougua miezi mitatu, alikusuka yeye. Yakobo Mihambo, mfanyabiashara, mtu mwenye stoo na baiskeli mbili na wanaume wanaomngojea sokoni, alikaa kizingitini kila Jumamosi na kichwa chako magotini, akalainisha nywele kwa nta, akagawa mistari iliyokwenda upogo. Wapita njia walisimama kumcheka. Yeye aliwaambia wakae foleni. Ulipougua surua alifunga stoo siku tisa katikati ya msimu, na mizigo ikarundikana mlangoni kwa watu wengine. Hakula chakula cha jioni hata siku moja kabla hajakuona umekaa.

Lakini kazi yake hukuijua vizuri, ulikuwa mdogo. Nta ilikuwa ndiyo heshima yake. Warina asali wa misitu ya kusini walikuwa wakimpa masega yaliyokwisha kukamuliwa, nasi tukiyachemsha hapa hapa uani, mimi na yeye, tukayachuja kwa gunia, tukamimina nta kwenye makarai. Ikiganda inatoka mkate wa mviringo, wa manjano. Na kila mkate, Nyamizi, baba yako aliung'ata pembeni. Nta safi hukatika ikawa chenga, kisha hujikusanya ulimini. Nta iliyotiwa mafuta ya ng'ombe huteleza kwenye meno. Asiporidhika aliurudisha motoni mkate mzima. Akiridhika alama ya meno yake ilibaki pale, na mwanya katikati, ikawa ndiyo muhuri wake. Watu wa reli, watu wa stoo, wote waliujua mkate wa Yakobo kwa kuupapasa tu.

Bwana Kondo alikuwa akiuza magunia na kamba pale sokoni, jirani yetu. Babu yake alikuja na msafara kutoka pwani akaoa hapa, asirudi tena. Kwa hiyo Kondo ni Mzaramo aliyezaliwa Tabora, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu, walipokuwa wakibeba mizigo mpaka baharini na kulala majumbani mwao. Hilo unalijua. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukikasirika, aibu ni yako, si yake. Huingia nyumbani mwako akachukua kuku. Ukifa, huja akavaa kofia yako, akaigiza mwendo wako, akaingia kaburini akakaa humo mpaka apewe kitu ndipo atoke uzikwe. Mimi nimekua katika utani na niliupenda. Kondo alikula kwetu mara ngapi sijui. Alikuwa akimwambia baba yako, "Yakobo, leo umeng'ata mingapi? Wazungu wanapaka viatu vyao mate yako hawajui." Naye akimjibu, "Mzaramo, kaa mbali, pua iliyozoea nazi haijui nta." Tukicheka sote.

Basi mwaka ule alikuja mnunuzi mpya. Mzungu, kijana bado, ametumwa kutoka Dar es Salaam kununua nta ya msimu mzima, na yule atakayemridhisha atakuwa mtu wake kwa miaka. Alijua Kiswahili cha vitabuni. Alikaa kwenye kiti chini ya turubai na kisu chake cha kupimia, na mikate ya baba yako ilikuwa imepangwa mbele yake, kazi yetu ya miezi mitano. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kanga mpya. Nilijipamba siku ile, mwanangu. Nilitaka aonekane ana mke.

Kondo akatokea kwenye magunia yake. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye ushahidi wangu. Kondo akitania husema haraka haraka, na maneno yake nusu ni ya kwao nusu ya kwetu, hata sisi humwuliza amesemaje. Siku ile hakusema hivyo. Alisimama karibu na kiti cha Mzungu akasema polepole, kwa sauti, neno moja baada ya jingine, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu:

"Jamani, nta ya Yakobo ni nzuri sana, kwa sababu nusu yake ni mafuta ya ng'ombe."

Watu wakacheka. Baba yako akacheka. Na mimi, Nyamizi, mimi mama yako niliyekuwa na kanga mpya na watu wananitazama, sikutaka Mzaramo anishinde. Mtani hujibiwa kwa kuzidishiwa, ndivyo tulivyolelewa. Nikaweka mkono kiunoni nikasema:

"Nusu tu? Wewe Mzaramo hujui kupima! Mimi ndiye mpishi wa nta hii. Nilitia ng'ombe mzima na pembe zake!"

Soko zima lilianguka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alimwaga unga wake. Nilishinda, wala hakuna siku niliyowahi kushinda vile.

Mzungu hakucheka. Alifunga kisu chake. Baba yako alipoona kisu kimefungwa, akaacha kucheka akasema, "Bwana, huo ni utani." Yule akauliza, "Utani ndiyo nini?" Baba yako akaanza kumweleza, misafara, babu zetu, makaburi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Mimi nikasogea nikasema, "Bwana, nilikuwa nacheza." Akanitazama akasema, "Wewe ni mke wake. Wewe umekwisha kusema." Basi baba yako akachukua mkate mmoja, akaung'ata tena upande wa pili, akavunja kipande pale pale akampa. "Tafuna mwenyewe, bwana. Mafuta yatateleza, utajua." Yule kijana alikitazama kile kipande kilichotoka kinywani mwa mtu mweusi. Akafuta mikono yake kwa leso, na hata hakuwa amekigusa.

Msimu wote ulirudi nyumbani. Habari ikatangulia kwenye stoo nyingine, maana mnunuzi akikataa wenzake huuliza kwa nini, na jibu lilikuwepo tayari: mkewe mwenyewe amesema. Warina asali nao wakasikia. Mmoja mmoja wakaanza kupitisha masega yao kwingine, wakimwamkia baba yako kwa heshima na kutazama chini. Na kiangazi kilichofuata, nani alikuwa amesimama kwenye mizani ya yule Mzungu, na kofia nyeupe, akiwaita watu kwa majina? Kondo. Magunia aliyaacha. Nyumba yake ikapata bati.

Nilitaka nimwendee siku ile ile nimpasue. Baba yako alinishika mkono. "Mtani hakasirikiwi," alisema. "Ukimkasirikia, watasema tumekiri." Alisema kweli, na huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Mwizi ungemshitaki kwa Bwana Shauri bomani. Mchawi ungemtafutia mganga. Mtani unamshitaki wapi?

Lakini kinachoniuma kuliko mtego ni njia ya kurudi nyumbani. Tulisukuma mkokoteni sisi wawili, mikate imefunikwa, watu wakitutazama. Nikangoja anikemee. Nilitaka anikemee. Tulipofika karibu na msikiti akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Na pembe zake!" akasema. "Mke wangu, ulimjibu vizuri." Mpaka leo nikikumbuka hapo nataka kupiga kitu. Hakunipa hata neno moja kali la kushikilia. Alikwenda nalo kaburini.

Aliendelea kuhangaika miaka miwili, akienda porini mbali zaidi, kwa warina asali ambao hawajasikia. Mvua za masika zilimkuta huko na akarudi na kifua. Ulikuwa na miaka minane. Alikusuka mara ya mwisho akiwa anakohoa, na mistari ilinyooka siku hiyo, sijui kwa nini.

Kwenye maziko Kondo alikuja. Ndiyo, alikuja, ni haki yake. Akavaa kofia ya baba yako, akashuka kaburini, akakaa na miguu ameinyoosha. Akafinyanga donge la udongo, akaling'ata pembeni kama baba yako, akakunja uso akatema. "Mafuta ya ng'ombe!" Watu walicheka huku wanalia, maana alimwigiza sawasawa. Na mimi mjane nikatoa jogoo nikampa ili atoke, mume wangu apate kulala. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa adabu. Wewe ulikuwa umeshika kanga yangu, nawe ulicheka.

Mchungaji aliniambia nisamehe. Nikamwitikia. Kuitikia ni adabu, wala sikuahidi zaidi ya hapo.

Nimejaribu kulipiza, usidhani nimekaa. Binti yake alipoolewa nilikwenda na kopo la mafuta ya ng'ombe, nikampaka Kondo kanzu nzima mbele ya wakwe zake, nikasema, "Hii ndiyo nta ya Yakobo, ipokee!" Nilidhani atakufa kwa haya. Alicheka mpaka machozi, akanikumbatia, akawaambia wakwe, "Mnamwona mtani wangu?" Nikarudi nyumbani nanuka mafuta. Siku nyingine nilimkuta peke yake nikamwuliza bila mzaha: "Kondo, siku ile ulijua Mzungu anasikia?" Akanitazama kidogo. Macho yake yalinijibu kabla ya mdomo. Halafu akasema, "Mama Nyamizi, si ulikuwa utani ule? Hata wewe ulitania." Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini hawakusema usaha utamtoka nani.

Na tende zake za leo usizile kwa furaha sana. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa unakwenda kwa Wazaramo. Sina neno nao. Watakutania tangu stesheni, watakuita mpagazi, watakunyang'anya michembe yako, na wewe uwajibu, uwazidishie, kwa sababu ni wazuri na ni wetu, na bila wao babu zako wangekufa njiani. Ila kabla hujafungua mdomo, tazama ni nani mwingine amekaa hapo. Tazama kama yuko mwenye kisu cha kupimia, ambaye hakulelewa ndani ya mzaha ule. Akiwepo, nyamaza hata ukishindwa. Mimi nilitaka kushinda. Hicho tu ndicho nilichojifunza maishani, na nilikilipia kwa mtu.

Nimebaki na mpango mmoja. Utani haumwumi aliye hai, nimeona kwa mafuta yale. Lakini Kondo atakufa, na akifa mimi ni mtani wake, nina haki ile ile aliyokuwa nayo. Nitavaa kofia yake nyeupe. Nitashuka kaburini nikae, nami sitataka jogoo wala shilingi. Nitataka kila mtu aliyekuja kuzika atafune nta ya Yakobo, kipande kipande, waliokuwapo sokoni na watoto wao, mpaka mmoja wao aseme mbele ya maiti kama inateleza au haitelezi. Hawataweza kunitoa. Hawataweza hata kunikasirikia. Kwa siku hiyo nimehifadhi mkate mmoja wa msimu ule, ule ule alioung'ata mbele ya Mzungu, na kile kipande kilichokataliwa kimo ndani ya kitambaa pamoja nao.

Miaka yote nimeuficha ndani ya chungu nyuma ya kinu. Tangu masika, hata hivyo, kifua changu nacho kimeanza, umenisikia, ingawa nilikuambia ni moshi. Na leo Kondo alipoondoka alitembea wima kama kijana. Nikawaza nikifa kabla yake. Atakuja. Watani wataingia humu ndani wachukue watakacho, ni haki yao, na yeye atakuwa wa kwanza kufunua vyungu. Halafu atashuka kaburini mwangu na kanga yangu kichwani, aweke mkono kiunoni, aseme kwa sauti yangu, "Ng'ombe mzima na pembe zake!" Watu watacheka. Nimekataa kufa kwa ajili hiyo tu, lakini kukataa peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo mkate umo sandukuni mwako. Utaukuta pamoja na barua hii, umeviringwa kwenye ile kanga niliyovaa siku ile. Usiuweke juani, huko kuna joto. Papasa pembeni utayakuta meno yake, kisha weka ulimi kwenye mwanya wako.

Akitangulia Kondo, nitakupigia simu ya upepo pale posta, uje nao, nami nitashuka. Nikitangulia mimi, uje nao vilevile, na uje upesi. Umwache aingie kaburini. Umwache aigize mpaka amalize, umcheke kama ulivyomcheka leo. Halafu mfunulie kanga. Chukua kile kipande alichokikataa Mzungu, ukivunje mara mbili. Kimoja mpe Kondo akitafune mbele ya watu wote, akiwa amesimama juu yangu. Cha pili kitie kinywani mwangu kabla hawajafunga jeneza, kwa kuwa siku ile tulisema wawili.

Mama yako.